Baridi ya Ruwenzori

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Profesa Éliakim, anayeongoza kazi yangu, ameniambia kwamba mtu anayemaliza mémoire, kazi ya utafiti ya kumalizia shahada, awe na mahali pa kumwaga hasira, la sivyo atawamwagia watu wa nyumbani. Basi nitamwaga hapa.

Anayemwaga ni Jokébed Kavuo, mwanafunzi wa shahada ya pili ya gestion industrielle, usimamizi wa viwanda, Butembo. Mémoire yangu inahusu kiwanda cha sabuni cha hapa mjini na sababu za mashine zake kusimama ovyo. Msimu mzima uliopita nilishinda humo, saa mkononi, nikinuka mawese mpaka watu wakaanza kuhama benchi langu kanisani. Nilitegemea kukuta lawama kwa umeme au vipuri. Nimekuta baridi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Rughenda, mafuta yanaganda ndani ya mabomba na kiwanda kizima kinakaa kikingoja jua. Nimependekeza mabomba yapitishwe kando ya tanuru. Ni wazo dogo, lakini ni langu, na ninalipenda kama mzazi anavyompenda mtoto mwenye sura mbaya.

Jumatano, 4 Septemba

Umeme hakuna. Sikuandika hata mstari.

Jumapili, 8 Septemba

Mama amemaliza kupanda maharagi. Mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko na amefurahi.

Tuliongea habari za Kaka. Josaphat Kambere anakaa Beni na mke wake Jemima, na anasomea jambo lile lile ninalosomea mimi, ila yeye alianza zamani. Paluku, mtoto wa kwanza wa Mama, alifariki akiwa mchanga, kwa hiyo Kambere ndiye mkubwa wetu. Utafiti wake ulikuwa kwenye depo, ghala la kakao kule Mangina. Walipokimbia mashambulizi ya Mangina nyumba iliungua, na kompyuta na karatasi zote zikaungua nayo. Tangu hapo, kila mwaka alisema ataitetea kazi yake mbele ya jopo mwaka ujao. Sasa mwishowe amepata tarehe: Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Mimi nitatetea Novemba.

Mama alivuta pumzi ndefu.

— Nilikuwa naogopa, Kavuo. Nilisema, huyu mudogo atapita mukubwa wake mu mulango, batu batatuangalia namna gani?

— Mama, hii haiko kuolewa.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilipouliza Kaka anatetea somo gani, alisema tutalijua siku hiyo. Sikushangaa. Hapa kwetu watu huficha somo la mémoire kama mimba changa, maana wezi wa mawazo ni wengi.

Ndiyo maana, wakati wenzangu wanaweka kazi zao kwenye mtandao, mimi kopi yangu nimeiweka kwenye flash, ndani ya chungu cha mbegu cha Mama. Kompyuta iliwahi kuibwa katika nyumba hii, lakini hakuna mwizi aliyewahi kugusa mbegu za mwanamke.

Ijumaa, 20 Septemba

Sura ya tatu imerudi kutoka kwa Profesa Éliakim, wino mwekundu umeshinda mweusi. Bado ananigombeza kwa ajili ya koma moja katika sentensi ya kwanza kabisa ya mémoire. Anasema haina kazi. Nimemwambia ina kazi ya kupumzika, na sitaiondoa. Akasema nina kichwa kigumu, kisha akatia sahihi.

Jumapili, 29 Septemba

Mvua, kanisa, mvua.

Jumamosi, 5 Oktoba, Beni

Naandika kwenye chumba cha Kaka, hapa mjini, komini ya Ruwenzori. Wengine wako uani wanakula na kuimba. Nimesema kichwa kinaniuma, na kweli kinaniuma.

Tulitoka Butembo asubuhi kwa gari la jirani yetu Éphraïm: Mama mbele, mimi nyuma na baba mdogo Ésaïe, kuku miguuni. Mama aliimba nyimbo za kanisa tangu tulipopita Maboya. Ukumbi ulijaa. Joto la Beni si la kuulizia, watu walijipepea kwa mialiko, kwa kofia, kwa chochote. Kaka aliingia na suti, Jemima akamfuta vumbi begani, nami nikaona fahari mpaka machozi yakanilengalenga.

Akasoma kichwa cha kazi yake: sababu za mashine kusimama katika kiwanda cha sabuni cha Beni.

Nilidhani ni bahati tu, kwamba damu moja imewaza jambo moja. Nilitabasamu hata. Kisha akasoma sentensi ya kwanza. Ilikuwa sentensi yangu, neno kwa neno, na alipofika kwenye ile koma, Kaka akapumzika.

Sijui nieleze vipi. Masikio yalijaa maji. Nilimtazama Mama, anatikisa kichwa kwa raha kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Nilitazama watu waliojaa ukumbini, kila mtu yuko sawa, hakuna aliyeona kwamba pale mbele kuna mtu amevaa ngozi yangu. Akapita sura ya kwanza, akapita ya pili. Vipimo vyangu vyote, vile nilivyochukua nikiwa nimesimama juu ya ndoo kwa sababu sakafu imelowa, akavisoma kwa sauti nzuri ya kiume. Alikuwa amebadilisha jina la mji tu.

Ndipo akafika kwenye baridi. Akasema mbele ya watu waliolowa jasho kwamba asubuhi baridi kali hugandisha mafuta mabombani.

Kwenye jopo alikuwepo mzee mmoja, Profesa Kahongya, aliyekuwa anajipangusa shingo kwa leso tangu mwanzo. Leso ikasimama.

— Monsieur Kambere, baridi gani?

— Baridi ya Ruwenzori, Profesa. Inashukaka ku mulima asubuyi.

Alijibu bila kupepesa macho. Watu wachache walicheka. Profesa alimtazama, akaandika kitu, akaendelea kujipangusa.

Amepata distinction, daraja la heshima. Mama alipiga vigelegele, akammwagia poda ya pongezi kichwani mpaka suti ikawa nyeupe. Kisha akanigeukia mimi na kutabasamu, tabasamu la mtu ambaye amekutendea wema anangoja uugundue. Bado nalitazama tabasamu hilo.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumerudi. Njia nzima niligeukia dirisha. Mama aliniuliza kama nimekula vibaya.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilifungua chungu. Flash ipo, ndani ya majivu yanayolinda mbegu. Nilimkuta Mama anachambua sombe, majani ya muhogo.

— Mama, nani aligusa flash yangu?

— Nani ataigusa? Miye njo nilimupatia Kambere mwezi ya saba. Akaipeleka kwake, akairudisha. Haiko mule?

— Iko.

— Basi unalilia nini?

Nilikaa chini. Alinieleza kwa upole, kama anavyonieleza mambo ya jikoni. Kambere alikuja, akakaa kwenye kile kiti, akasema hana tena nguvu ya kuanza. Mama akatazama juu, akaona chungu.

— Nilimupatia mbegu ya maharagi, na hii nikamupatia. Iko mutoto ya tumbo yangu sawa vile weye. Maharagi alipanda Beni, sisi tukapanda huku. Yeye akivuna, sisi tunakosa?

— Mama, mémoire haiko maharagi. Ikishateteka mara moja, imeisha. Wa pili njo mwizi.

— Imeisha namna gani? Mu flash ilipunguka?

Nimesomea uzalishaji miaka hii yote, nikajikuta nahesabu. Haikupungua. Kwa hesabu zote ninazozijua Mama yuko sawa, na mimi nimekwisha. Nimelia mbele yake, naye akanibembeleza bila kujua ananibembeleza kwa nini.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilikwenda kwa Profesa Éliakim kumwambia yote. Nilipofika mlangoni nikamwuliza kuhusu ukubwa wa herufi.

Jumapili, 13 Oktoba

Kaka amekuja. Baada ya ibada tulitembea wawili kuelekea Rughenda, upande wa uwanja wa ndege, mahali ambapo hakuna shangazi wa kusikiliza. Nilikuwa nimejiandalia matusi ya kutosha wiki nzima.

— Nilitaka kuangalia mupango tu, Kavuo. Marge, table des matières, vile banapangaka. Kisha nikasema, nichukue méthode. Kisha nikasoma ile ya baridi, nikaona iko muzuri kuliko yangu yenye iliungua. Nikachoka.

— Ulichukua hata koma.

— Koma gani?

Hilo liliniuma kuliko yote. Aliibeba na hata hakuiona.

Akaniambia kwamba ushirika mmoja wa wakulima wa kakao unamchukua kuwa mkuu wa depo kuanzia Januari, na bila shahada hawamchukui. Akasema mimi nina kichwa, nitapata somo lingine. Yeye hii ilikuwa ya mwisho.

— Na ya kwangu, Yaya Kambere?

— Badilisha title.

Nilimtazama mdomo. Huyu ndiye mtu aliyeacha shule miaka miwili Baba alipofariki, akabeba magunia sokoni ili mimi nisiache. Niliyajua hayo, yeye hakuyataja hata mara moja, na matusi yangu yote yakakosa pa kutokea. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia zaidi kwa kutoyataja.

Jumapili, 20 Oktoba

Kikao cha familia kuhusu mémoire, sebuleni kwetu. Baba mdogo Ésaïe, ndugu wa marehemu Baba na mzee wa kanisa, alikaa kwenye kiti kikubwa. Nilitegemea mtu mmoja, mmoja tu, aseme neno «aliiba». Nilikaa nikiwachungulia nione nani ataona haya.

Baba mdogo aliomba, akakohoa, akasema:

— Mukubwa amepita. Donc mudogo angoje. Mwaka moja haiko kifo. Kavuo atatafuta ingine kazi, na Josaphat atamusaidia.

— Atanisaidia na nini, Baba? Na kazi yangu?

— Sikia, mutoto. Ukisema inje kama kaka yako aliiba, nani atabakia na kaka? Mambo ya nyumba haitokake mu mulango.

Wote wakasema ndiyo. Jemima peke yake alikuwa anatazama mikono yake. Mama alileta chai na mandazi. Baba mdogo akamshukuru Mungu kwa umoja wetu, sala ndefu, na katikati ya sala nilifumbua macho nikakuta Kaka naye amefumbua. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyefumba kwanza.

Sitangoja. Nakala ziko kwenye kitivo tangu Septemba, tarehe imepangwa, na jasho nililolitoa ni langu. Lakini sijui nitasema nini nikiulizwa. Naandika ili nione kama kalamu inajua. Haijui.

Ijumaa, 25 Oktoba

Radi imepiga mti nyuma ya kitivo. Hakuna aliyeumia.

Jumatano, 6 Novemba

Profesa Éliakim aliniita akiwa na furaha. Amenitafutia msomaji mzuri kutoka nje, mtu mkali lakini wa haki, anayezunguka vyuo vya huku na vya Beni.

— Profesa Kahongya. Utampenda.

Nilikaa kabla hajanikaribisha. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni baridi tu, na nikataka kucheka, na nikaogopa kucheka maana nisingeweza kuacha.

Basi imefika. Yule mzee atafungua kazi yangu na kuikuta ile ile aliyoisikia Beni. Nikisema ni yangu, Kaka anaanguka, na depo inaanguka pamoja naye. Nikinyamaza, mwizi ni mimi, kwa maandishi, na kila chuo cha mkoa huu kitajua. Nilimwambia Mama. Akasema huyo Profesa atafurahi, kwa kuwa kazi ameshaielewa.

Ijumaa, 15 Novemba

Jemima amepiga simu, anaongea chini chini.

— Wifi, bwana yangu halali. Iko anasoma ile mémoire.

— Ameshaitetea, anasomea nini?

— Anasema anataka kuielewa. Jana alienda kuangalia kiwanda ya sabuni kama Beni iko na moja. Haiko.

Nilimshukuru, nikakata simu. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilimwonea huruma, huruma ya kweli, ile inayokera.

Ijumaa, 22 Novemba

Kesho. Nimepiga pasi blauzi mara mbili na kuichoma mara moja.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na bati la ukumbi lilipiga kelele mpaka tukachelewa kuanza. Familia yote ilikuja. Kukosa ingekuwa kutangaza ugomvi, kwa hiyo walikuja na kitenge cha aina moja: Mama mbele kabisa na poda mfukoni, baba mdogo Ésaïe, mashangazi, na katika safu ya tatu Kaka na Jemima. Kaka alikuwa na suti ile ile ya Beni. Amekonda.

Nilisema vizuri. Naliandika bila aibu. Nilieleza mabomba, nikaeleza tanuru, nikaeleza asubuhi za ukungu, na ukumbi mzima uliokuwa umejifunga makoti ukaitikia kwa vichwa. Profesa Éliakim alitabasamu. Nilianza kudhani Mungu amenifichia jambo hili.

Ndipo Profesa Kahongya akavua miwani.

— Mademoiselle, hii kazi niliisikia Beni mwezi ya kumi. Yote. Kule mafuta iliganda juu ya baridi ya Ruwenzori, na miye nilikuwa natoka jasho. Leo nimeisikia mahali yenye iko na baridi ya kweli. Lakini yule alitetea wa kwanza. Donc nitakuuliza mara moja tu. Nani aliandika?

Mvua iliendelea kupiga bati. Profesa Éliakim alinigeukia, na uso wake ukawa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimewaza kuhusu Kaka, kuhusu Mama, kuhusu mimi, sikuwaza hata siku moja kwamba yeye naye atatazama hivyo.

Nilifungua kinywa. Jina la kaka yangu lilikuwa pale kwenye ulimi, Josaphat Kambere, maneno mawili, na ningekuwa huru. Nikamtafuta katika safu ya tatu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa anangoja nilitaje, na hakuwa anakataa. Nikafunga kinywa.

— Mademoiselle?

Nikanyamaza.

— Ukinyamaza, tutasimamisha défense, na kosa itaandikwa yako. Unaelewa?

Niliitikia kwa kichwa kwamba naelewa. Sikuwa jasiri. Nilikuwa tu siwezi. Rais wa jopo aliinua kalamu.

Ndipo Mama akasimama.

Watu wa hadhira hawaongei siku ya kutetea, kila mtu anajua hilo, na rais wa jopo akamwambia kwa heshima aketi. Mama hakuketi. Alirekebisha kitenge chake begani kama anayetaka kutoa ushuhuda kanisani.

— Ba Profesa, muache mutoto. Ile kazi iko yake. Aliitumikia mu kiwanda mpaka akanuka sabuni. Njo miye nilitoa flash mu chungu nikamupatia kaka yake, Kambere. Ule pale.

Akamwonyesha kwa mkono mzima, kiganja juu, vile mtu anavyoonyesha mgeni wa heshima. Vichwa vyote viligeuka.

— Bote njo batoto bangu. Mwizi hayuko hapa.

Akaketi. Alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa amewasaidia wote wawili kwa mara moja, na alinitazama kwa lile tabasamu la Beni.

Baba mdogo Ésaïe alijifunika uso. Profesa Kahongya alimwangalia Mama bila hasira, halafu akamwuliza Kaka kama ni kweli. Kaka akainuka. Alishika kiti cha mbele yake.

— Njo vile Mama anasema.

Jopo lilitoka, likakaa, likarudi. Mimi nimepata grande distinction. Kuhusu shahada ya bwana Kambere, rais alisema, imesimamishwa tangu leo, chuo cha Beni kitaamua. Alisema hivyo kwa Kifaransa kizito na Mama alipiga vigelegele baada ya sentensi zote mbili.

Nje alinimwagia poda, akamtafuta Kaka amwagie naye. Kaka alikuwa ameshaondoka kwa miguu, kwenye mvua.

Jumapili, 24 Novemba

Naandika jambo moja kisha nalala. Mama aliposema «ule pale», kabla sijamwona Kaka, kabla sijamwonea huruma mtu yeyote, nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka kwenye nywele. Sikujua kama naweza kuwa mtu wa namna hiyo.

Alhamisi, 28 Novemba

Profesa Éliakim amenisamehe, au amejifanya. Kiwanda kimeomba nakala. Mama nimemweleza kwamba shahada ya Kaka imeshikwa kidogo tu. Nampigia Kaka, hapokei.

Jumatano, 4 Desemba

Ujumbe wa Jemima: Beni wamefuta shahada. Ushirika umemchukua mtu mwingine. Kaka amesema asilaumiwe Mama, na Mama asiambiwe. Basi.

Nimeusoma ujumbe huo jikoni, Mama akiwa mbele yangu anapuliza moto. Akauliza ni nani. Nikasema ni Jemima, anasalimu.

Jumapili, 8 Desemba

Baba mdogo Ésaïe hakunipa mkono kanisani. Alimpa Mama mkono, akamwambia awe na nguvu. Mama alishangaa njia nzima: nguvu ya nini?

Jumamosi, 14 Desemba

Jua kali tangu asubuhi, la kwanza kwa muda mrefu. Nilikuwa nafua uani. Mama alikuja akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha miguu.

— Kavuo, ile diplôme ya Kambere, batamurudishia siku gani?

Sikugeuka. Niliendelea kusugua kola ambayo ilikuwa imeshatakata.

— Batu banakawia, akasema. Nilibaelezea yote muzuri, hata weye ulisikia. Profesa mwenyewe hakunikatalia. Ao benye kuwa Beni hawajapata habari?

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nayo tangu Novemba: Mama, ulimmaliza. Mama, ulimwua mkubwa wako kwa mkono wako, mbele ya watu, ukiwa umevaa kitenge kipya. Nilimtazama. Alikuwa amejikinga jua kwa kiganja na ananitazama kwa matumaini, mtu anayengoja daktari aseme mgonjwa ameamka. Nilishtuka kusikia sauti yangu.

— Banamurudishia, Mama. Mwezi ijao.

— Aksanti Yesu. Basi mupigie, umuambie. Atafurahi akisikia na kinywa yako.

Nikasema mikono yangu ina povu. Akanipa kitambaa. Nikasema labda hana umeme. Akasema jaribu. Basi nikapiga, nikijua hatapokea, hajapokea tangu siku ile.

Akapokea.

— Kavuo, akasema.

Mama alinyoosha mkono akachukua simu, maana habari njema hakuweza kuzingoja.

— Kambere, mutoto yangu, sikia. Dada yako anasema banakurudishia diplôme. Mwezi ijao. Nilikuambia, batu bakielezewa banaelewa.

Sauti ya simu ilikuwa juu, kwa hiyo nilisikia yote. Nilimsikia mtoto wake analia huko nyuma, nikasikia mlango ukifungwa. Nilidhani sasa atasema ukweli, na nilitamani aseme, ili awe yeye na si mimi.

— Aksanti, Mama, Kaka akasema. Aksanti sana.

Mama akanirudishia simu, akainuka, akaingia ndani akiimba. Sikukata. Naye hakukata. Nilikaa kwenye ndoo aliyoiacha, simu sikioni, namsikia kaka yangu anavyopumua, na sikujua ni nani kati yetu anayepaswa kusema kwanza.